Fomu Mbili, Kopo Moja

Jumatatu, 3 Machi

Daftari jipya. Lile la zamani nimelichoma jikoni. Nililikuta chini ya godoro langu limegeuzwa, jalada chini. Mama hawezi kuinuka kitandani. Mimi sikuligeuza. Basi kabaki nani? Chiriku, mdogo wangu. Anasema alikuwa anatandika. Anasema! Hili la sasa litalala mkobani, na mkoba utalala na mimi.

Kazini: mikoba mia mbili na kumi na nne. Zipu kumi na mbili ndani ya kofia ya nywele. Rili moja ya uzi ndani ya chupa ya chai, chai imemwagwa ili uzi upate nafasi. Mwenye chupa akaniambia Mungu anakuona, Eksirei. Nikamjibu ndiyo, na mimi namsaidia kuona. Wenzake walicheka, yeye hakucheka.

Eksirei ndilo jina langu pale kiwandani. Miaka kumi na miwili nasimama langoni kuwapekua wanawake wenzangu wakitoka zamu. Hakuna anayeniaga. Kutwa nagusa watu na hakuna anayependa niguse. Nimechoka, na leo nimechoka zaidi ya jana.

Kesho darasa. Sentensi hata moja sijatunga.

Jumanne, 4 Machi

Darasa letu liko chumba cha nyuma cha duka la dawa. Ubao umepakwa juu ya mlango wa choo, kwa hiyo mtu akibanwa somo linasimama. Tuko sita. Mwalimu tunamwita Mpishi: alipika melini miaka kumi na minane, na Kihispania alikiokota huko jikoni, kati ya vitunguu na matusi. Chiriku hukaa mbele, miguu imetandazwa kama yuko kwao. Mimi hukaa nyuma, mgongo ukutani. Ukiwa nyuma unaona mikono ya wote.

Leo Mpishi kaanza jambo jipya. Namna ya kusema kitu kimekwisha. Kasema mtu anaweza kusema nimemenya viazi, na hayo yakabaki maneno tu. Lakini akisema "tengo peladas las papas", ana viazi vilivyokwisha kumenywa, vimo ndani ya sufuria, mwenye shaka aje afunue kifuniko. Melini, kasema, bosi akiuliza hataki habari, anataka viazi!

Kisha kaweka sheria. Kila kipindi kila mtu alete sentensi tatu za kazi alizokwisha kuzifanya. Za kweli. Na ushahidi mkononi. Asiye na ushahidi akae chini.

Nimeipenda sheria hii. Ingetumika duniani kote, mimi ningekuwa nimestaafu.

Fundi Saa ndiye aliyejitosa wa kwanza. Kainua saa ya ukutani: "Tengo arreglado el reloj." Ameshaitengeneza. Tukaitazama. Mshale haukwenda popote. Mpishi kamwambia akae chini na saa yake. Tulicheka mpaka mwenye duka akagonga ukuta.

Chiriku naye: "Dejé bañada a mi madre." Amemwacha Mama ameshaogeshwa. Ushahidi, taulo mbichi ndani ya mfuko wa plastiki. Mpishi kampigia makofi. Wote wanampigia makofi huyu mtoto, tangu azaliwe.

Niandike na hili, siku nikisahau. Wakala anatafuta watunzaji wa nyumba ya wazee ng'ambo, huko wanakosema Kihispania. Kila nyumba hutoa mtu mmoja. Ndugu mwingine anatia sahihi kuwa mdhamini, anabaki. Kwetu wa kubaki lazima abaki kweli: Mama kapooza upande wa kulia tangu mwaka juzi, na maneno yake yamebaki matatu au manne. Mimi na Chiriku tulipatana. Mtihani wa Mpishi ukishapita mwisho wa mwezi, tunakaa na Mama, tunaamua nani aende. Kabla ya hapo, hakuna kupeleka fomu.

Na tusije tukagombana wakati huo, tulitia sahihi zote mbili mapema. Mimi mdhamini kwenye fomu yake, yeye mdhamini kwenye yangu. Zimo ndani ya kopo la biskuti juu ya kabati la Mama. Wazo lilikuwa la Chiriku. Alisema sisi si tunaaminiana. Nilikubali kwa sababu alikuwa amenishika mkono. Sasa najiuliza, mtu anayeharakia sahihi namna ile alikuwa na haraka ya nini?

Ijumaa, 7 Machi

Chiriku kachelewa darasani dakika arobaini. Zahanati anakofanya kazi inafunga saa tisa. Kutoka kule hadi duka la dawa ni mwendo wa kumaliza pipi moja. Viatu vyake vilikuwa na tope jekundu. Mtaa wetu hauna tope jekundu.

Nimemuuliza. Kasema kulikuwa na wagonjwa wengi. Wagonjwa wa tope!

Jumapili, 9 Machi

Sikumpekua. Mkoba wake ulianguka wenyewe kutoka kwenye kiti, nikaokota vilivyomwagika. Leso, kalamu, tiketi mbili za basi za Ijumaa. Kwenda na kurudi. Stendi iliyoandikwa humo ni ya upande wa ofisi ya wakala.

Nimerudisha kila kitu kwa mpangilio wake. Hiyo ndiyo kazi yangu, naijua.

Jumanne, 11 Machi

Leo namna nyingine. "Llevo leídas veinte páginas." Mpaka sasa kurasa ishirini nimeshazisoma, safari inaendelea. Mpishi kasema hii ni ya mtu aliye katikati ya gunia la viazi: hawezi kusema amemaliza, lakini anaonyesha alipofikia.

Zamu yangu. "Llevo registrados doce años de bolsos." Miaka kumi na miwili ya mikoba niliyokwisha kupekua. Mpishi kauliza ushahidi. Nikamwonyesha vidole vyangu, kucha zilivyolika na zipu za watu. Chiriku kageuka kunitazama na macho yakamjaa maji, na mimi nikakasirika, sijui kwa nini.

Nikimsahihisha Kihispania hukubali. Akinisahihisha huwa na haki. Mtihani atanishinda, hilo sina haja ya kulifumba.

Alhamisi, 13 Machi

Chiriku uani na simu. Mimi jikoni, dirisha wazi. Kasema kwa sauti ya chini kwamba fomu ataileta yeye mwenyewe. Kisha kasema dada asijue kwanza, akijua ataharibu. Kisha kacheka kidogo, kile kicheko chake cha puani.

Nimesimama na sufuria mkononi mpaka mkono ukafa ganzi.

Nitaharibu. Mimi! Niliyemlipia — hapana, sitaandika niliyomfanyia. Mtu akianza kuorodhesha wema wake, keshaujutia.

Ijumaa, 14 Machi

Kachelewa tena. Tope tena. Sikumuuliza.

Jumatatu, 17 Machi

Fomu yake haipo.

Mama alikuwa amefumba macho. Nikapanda kiti, nikashusha kopo. Ndani: fomu yangu, picha za pasipoti, vyeti vya kuzaliwa. Vyeti viwili nilivyoweka, viwili nilivyokuta. Fomu zilikuwa mbili, ipo moja. Nimehesabu mara tatu, eti labda karatasi mbili zimegandana.

Kwa hiyo sahihi yangu inatembea mjini bila mimi. Inamdhamini. Inasema mimi nitabaki, nitamgeuza Mama, nitamlisha kijiko kwa kijiko, nitapekua mikoba mpaka nife. Na nilitia sahihi kwa mkono wangu mwenyewe, nikicheka.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimeusema msemo huu mara ngapi pale langoni, nikijiona mjanja.

Nilipogeuka, Mama alikuwa macho. Ananitazama. Nikamwambia nafuta vumbi.

Jumanne, 18 Machi

Darasani. Niliweka macho kwenye kisogo cha Chiriku muda wote.

Kasimama kwa sentensi yake ya tatu. Kasema "tengo casi arreglado un asunto". Kuna jambo amekaribia kulikamilisha. Mpishi kamwambia casi hailiwi, kuku aliyekaribia kuiva ni kuku mbichi. Ushahidi uko wapi? Chiriku kacheka: Ijumaa, mwalimu, Ijumaa nitauleta, mtauona wote.

Wote! Na mimi nikiwemo. Atanitangazia mbele ya Fundi Saa kwamba anaondoka.

Njiani kurudi kanishika mkono kama kawaida yake. Kaniuliza kama ningepewa nafasi ya kuondoka, kitu gani ningekikosa. Nikasema hakuna. Akasema hata mimi? Nikasema wewe ungekuwa huku unalala kitanda kizima. Akacheka sana. Maswali ya mtu anayepima jeneza.

Jumatano, 19 Machi

Kiwandani nimempekua mjamzito mara mbili. Mara ya pili hapakuwa na sababu. Alilia. Msimamizi wa zamu kaniambia nipumzike kesho, nikapime presha. Haya.

Kesho nina siku nzima.

Alhamisi, 20 Machi

Nimefanya.

Niandike kwa utaratibu, nisije nikajidanganya baadaye.

Chiriku katoka saa moja kwenda zahanati. Jirani mshonaji kaja kukaa na Mama, nikamwambia nakwenda kupima presha. Kabla hajaingia chumbani nilishusha kopo, nikachukua fomu yangu na picha mbili. Mama alikuwa macho waziwazi. Nikamrekebishia mto.

Njiani bado nilijiambia nakwenda kuuliza tu. Ofisi ya wakala: mabenchi, nguzo katikati, madirisha mawili. Barabara ya pale ni ya lami mpaka mlangoni. Hakuna tope la rangi yoyote. Niliona hilo. Niliona, nikapita.

Karani wa dirisha la pili ni kijana mwenye miwani. Nikamuuliza kama kuna mtu wa nyumba yetu ameshaomba. Nikamtajia jina la ukoo na namba ya nyumba. Kafungua kabati, kapekua — mikono yake mizuri, ya haraka — karudi. Hakuna. Hakuna mtu wa nyumba yenu hapa, mama.

Hapo ndipo. Kama ni kurudi nyumbani, pale ndipo pa kurudia. Chiriku hakuwa amepeleka fomu. Jambo nililomshuku nalo wiki mbili halikuwa limetendeka. Nilielewa vizuri kabisa.

Na nikasema moyoni: basi nimemuwahi. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Nikampa fomu. Kuna swali la tisa: je, kuna ndugu mwingine wa nyumba hii anayeomba au atakayeomba? Karani kanieleza taratibu, kama anaongea na mtoto: ukiandika hapana na muhuri ukapigwa, faili ni la mtu mmoja, halibadiliki awamu hii nzima. Na awamu nyingine haijulikani. Nikaandika hapana. Herufi zangu nzuri, zimenyooka. Akagonga muhuri mara mbili, akaniandikia stakabadhi, akaifunga fomu kwenye faili la kijani.

Nimepima presha kweli, nisiwe mwongo kwa yote. Iko juu.

Chiriku karudi na dawa ya kuchua miguu ya Mama, kamchua huku anaimbaimba. Nimekula vizuri. Hilo ndilo linalonitisha.

Ijumaa, 21 Machi

Sijui nianze wapi. Nianze darasani.

Chiriku kaitwa wa kwanza. Kasimama na bahasha. Sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa furaha, hata Mpishi akaacha chaki. Kasema: "Tengo firmada la carta de mi tía."

Barua ya shangazi iliyokwisha kutiwa sahihi. Kihispania hakijui mama mdogo, tia ni tia tu. Lakini sisi shangazi hatuna. Tuna Mama mdogo, mdogo wake Mama, anayeishi mwisho wa njia ya basi, kule kwenye machimbo ya matofali. Kwenye tope jekundu.

Kainua barua. Nikaujua mwandiko kutoka kule nyuma.

Mama mdogo hajakanyaga kwetu tangu mwaka jana. Alikuja kumuuguza Mama, herini za Mama zikapotea, nikampekua. Mkoba wake wote nikaumwaga kitandani mbele ya majirani. Baada ya wiki herini zilikutwa ndani ya foronya. Nilimpigia simu kuomba radhi, hakupokea, nikasema basi. Aliapa hatakanyaga nyumba niliyomo mimi.

Chiriku kamwendea mara tatu. Mara ya kwanza, mwezi uliopita, alifungiwa mlango. Mara ya pili alisikilizwa akiwa amesimama. Mara ya tatu walikula pamoja. Mama mdogo amekubali kuhamia kwetu kumtunza Mama, na kuwa mdhamini wetu sote wawili. Msimamizi wa wakala mwenyewe alimwambia Chiriku inawezekana: ndugu wawili, faili moja, mdhamini mmoja, mradi fomu zote mbili ziletwe kwa pamoja. Fomu yake aliichukua kwenye kopo ili sahihi yangu ikatwe na ya Mama mdogo iingie.

Haya yote kanieleza nje ya duka la dawa, ananirukia shingoni. Alitaka kuniambia mapema. Mama mdogo ndiye aliyemkataza. Alisema dada yako akijua kabla sijatia sahihi ataniona nina njama, ataharibu.

Tutaenda wote dada! Wote wawili! Hivyo ndivyo alivyosema. Watu wa foleni ya dawa waligeuka.

Kabla ya hapo, darasani, ilikuwepo zamu yangu. Stakabadhi ilikuwa mkobani, imekunjwa mara nne. Sentensi ilinijia yenyewe, kamili, bila kosa: "tengo entregada la solicitud", ombi nimeshalikabidhi. Ya kweli, ina ushahidi, ina muhuri! Nikasema "tengo lavados los zapatos", viatu nimeshaviosha, nikainua mguu. Mpishi kasema safi.

Kamalizia na namna ya mwisho ya mtihani, "dar por". Kuhesabu kitu kimekwisha kabla hujakifunua. Kasema hiyo tuitumie kwa adabu: aliwahi kuhesabu sufuria ya kuku imeiva, meli nzima ikapanga foleni ya choo siku mbili. Walicheka wote. Mimi nilitazama mlango wa ubao.

Jumamosi, 22 Machi

Ofisi ya wakala imefungwa. Nilijua imefungwa. Nilienda hata hivyo, nikatikisa kufuli kama mwizi asiyejua kazi.

Nilipanga maneno: karani, nilikosea swali la tisa. Lakini alinieleza. Alinieleza taratibu kabisa.

Nyumbani nilikuwa namlisha Mama. Kijiko cha nne kafunga mdomo. Akaangalia juu ya kabati, akaniangalia mimi. Kisha akavuta neno, upande mmoja wa mdomo, polepole, mate yanamtoka.

Rudisha.

Nikamfuta mate. Nikamuuliza unataka maji? Kasema tena. Neno hilo sijalisikia kwake tangu augue, sijui kalitoa wapi. Rudisha. Chiriku kaingia, kauliza Mama anasema nini. Nikasema anataka nirudishe mto mahali pake. Chiriku kafurahi, kampigia Mama makofi, eti maneno yanarudi!

Nimelia bafuni. Nimefungulia bomba kwanza.

Jumapili, 23 Machi

Kifuniko cha kopo kimekaa upande. Niliacha hivyo mimi? Sikumbuki. Ninayekumbuka kila zipu ya kila mkoba!

Huenda keshafungua. Huenda anajua tangu juzi, ananyamaza, ananipeleka kesho ofisini kwa wakala kunianika mbele ya Mama mdogo. Nimemwangalia kutwa. Kaosha nguo zangu za kazi, kasema za mwisho mwisho hizi. Kapiga pasi gauni langu la bluu la kwendea ofisini. Mtu anayejua angeweza kupiga pasi vile, hata kwenye kola?

Ningefurahi akiwa anajua. Naandika ukweli. Ningefurahi tuwe wawili wenye hila humu ndani.

Kaniuliza, dada, fomu yako kesho tusiisahau. Nikasema ninayo mkobani. Kasema sawa, akaendelea na pasi. Ningekuwa mimi ndiye yeye, ningesema nionyeshe.

Jumatatu, 24 Machi

Naandika benchini, ofisini kwa wakala. Nimekaa nyuma ya nguzo. Dirisha la kwanza limefungwa, msimamizi kasafiri, la pili yupo yule yule mwenye miwani. Hajaniona.

Nilitaka kusema njiani. Nilianza. Nikasema Chiriku, kuna kitu. Kasema na mimi naogopa dada, tushikane mikono. Tukashikana.

Mama mdogo alitungojea mlangoni. Kakonda. Tulisalimiana, nikamshika magoti, sikuweza kutazama uso wake. Kaniinua. Kisha kaufungua mkoba wake kwa mikono miwili, kanielekezea: haya, nipekue kabisa leo, tusije tukasumbuana tena mbele ya safari. Kacheka mwenyewe kwa utani wake. Kaniambia yamekwisha, mwanangu. Kaniambia mdogo wako alikaa kibarazani kwangu saa nzima kwenye mvua, anasema dada yangu ana mikono ya kutunza watu, kazi ndiyo iliyomharibia.

Sasa kakaa kando yangu. Anadhani naandika sentensi za mtihani. Kasema mnajitahidi.

Foleni ilikuwa watu wanne. Watatu. Chiriku kaniambia nikae tu nipumzishe presha, atasimama yeye, zamu ikifika aniite na fomu. Bado wawili. Ningeweza kutoka nje sasa hivi. Ningeweza kwenda pale nimguse bega. Kalamu inaandika, miguu haitaki.

Amefika dirishani. Anatoa barua ya Mama mdogo, anainyoosha kwa kiganja. Anataja jina la ukoo. Anataja namba ya nyumba. Kasema ndugu wawili, dada yangu na mimi. Kanitaja mimi kwanza.

Karani anakunja uso kidogo. Anainuka. Anaenda kwenye kabati.

Mama mdogo ananong'ona kwamba kijana anaonekana mkarimu.

Anarudi na faili la kijani. Chiriku ameliona jina letu kwenye jalada. Amegeuka, uso wote unawaka, anapaza sauti ofisi nzima isikie: Dada! Njoo uone! Faili letu lipo tayari, wameshatufungulia!

Mama mdogo ananipigapiga goti. Anasema nenda, nenda na fomu yako, unaitwa.

Karani analifungua. Chiriku ameinamia dirisha ili naye asome, kidole chake kinafuata mstari mmoja mmoja, kutoka juu. Bado anacheka.